Nozeli za Turiani: Ufundi Uliotoka Kwenye Miwa

Nozeli ni kifaa cha chuma kisichozidi urefu wa kiganja, kinachokaa kwenye kichwa cha injini ya dizeli na kupuliza mafuta ndani ya silinda yakiwa ukungu. Vitabu huita nozeli ile ncha peke yake. Gerejini Tanzania mwili, springi, sindano na ncha vyote kwa pamoja ni nozeli, na jina hilo ndilo linalofuatwa hapa. Turiani, mji mdogo wa Wilaya ya Mvomero ulio chini ya milima ya Nguru, kaskazini mwa mji wa Morogoro na safu ya Uluguru, ulikifahamu kifaa hiki kupitia mashine ya kusaga, trekta la miwa na lori, muda mrefu kabla gari la mtu binafsi halijawa jambo la kawaida. Ndiyo maana habari za kufungua na kuhudumia nozeli za magari ya zamani huko huanzia shambani.

Turiani haina reli. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikaendelea magharibi hadi Kigoma mwaka 1914, na nchi ya Wanguu na Wazigua ikabaki kaskazini mwa njia hiyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Mhonda mwaka 1877 wakitokea Bagamoyo, waliishi miaka mingi katika nchi ambamo kila kitu cha chuma kilipanda mlimani kichwani mwa mpagazi. Lori lilipokuja kuchukua kazi ya mpagazi, lilikuwa la petroli na kabureta. Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla havijaingia silindani. Ikiziba, dereva mwenye bisibisi na pumzi nzuri angeweza kuifungua, kuipuliza na kuendelea na safari. Dizeli haikuruhusu hayo.

Rudolf Diesel alionyesha injini yake iliyofanya kazi vizuri mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Mafuta yake yalisukumwa silindani kwa hewa iliyoshindiliwa, na kompresa ya kushindilia hewa hiyo ilikuwa kubwa na nzito, hivyo injini ilifaa kiwandani na melini tu. Kilicholeta dizeli barabarani ni pampu. Kampuni ya Robert Bosch ya Stuttgart ilianza kuitafuta mwaka 1922 na kuiuza kwa wingi kuanzia 1927: pampu ndogo iliyosukuma mafuta yenyewe, bila hewa, kwa kipimo na kwa wakati. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ikatoa gari dogo la dizeli, 260 D. Uingereza nayo ilikuwa na CAV ya Acton, London, na chapa hizo mbili, Bosch na CAV, ndizo zilizosomwa sana kwenye pampu za matrekta na malori ya Afrika Mashariki kabla bidhaa za Japani hazijaenea.

Kazi ya nozeli yenyewe ni rahisi kueleza. Pampu hupandisha presha ndani ya bomba jembamba la chuma hadi mafuta yanainua sindano iliyokandamizwa na springi; mafuta hupenya kwenye tundu, presha hushuka, springi huirudisha sindano kwenye kiti chake. Ugumu uko kwenye vipimo. Sindano na ncha husagwa pamoja kiwandani, na nafasi inayobaki kati yake ni kama sehemu mbili hadi nne za elfu za milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo kwa zaidi ya mara kumi. Kutokana na kipimo hicho fundi hulazimika kushika mambo mawili: sindano ya nozeli moja haihamishiwi kwenye ncha ya nyingine, na vumbi lisiloonekana kwa macho linatosha kuikwamisha.

Shule ya kwanza ya kifaa hiki vijijini ilikuwa mashine ya kusaga. Injini za Lister kutoka Dursley, Uingereza, aina ya CS iliyoanza kuuzwa karibu na 1930, zilikuwa na silinda moja, gurudumu zito la kuzunguka na mwendo wa taratibu wa mizunguko 600 hadi 650 kwa dakika. Ziliigwa baadaye katika viwanda vya Rajkot, India, na nakala hizo nazo zikaenea. Injini ya namna hii ina pampu moja na nozeli moja. Anayeihudumia husikia kila mlipuko peke yake, na kosa likitokea hakuna silinda ya pili ya kulificha. Moshi mweusi ukitoka, ni nozeli inayodondosha au inayopuliza vibaya. Injini ikikataa kuwaka asubuhi ya baridi, aghalabu ni hiyohiyo. Pengine hakuna darasa la injini ya dizeli lililo wazi kuliko kibanda cha kusagia mahindi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilimo cha miwa na kiwanda cha sukari cha Mtibwa vilibadilisha ukubwa wa mambo Turiani. Miwa ikishakatwa haingoji: sukari yake huanza kupungua, na inatakiwa kufika kwenye vinu ndani ya siku moja au mbili. Trekta likizima kati ya shamba na kiwanda, hasara huhesabiwa kwa saa. Shamba la namna hiyo haliwezi kuishi bila karakana yake, yenye mafundi wa kudumu, stoo ya spea na vifaa vya kupimia. Uvunaji husimama masika, kati ya Machi na Mei, mashamba yanapotota na matela kuzama kwenye matope. Uvunaji ukisimama, karakana ndiyo hupata kazi nyingi. Mitambo hufunguliwa, matrekta huvuliwa vichwa, nozeli hutolewa kwa makundi. Kijana aliyeingia karakana kama hiyo akiwa mshika taa na muosha vyuma angeona katika masika moja nozeli nyingi kuliko ambazo fundi wa barabarani angeziona kwa miaka.

Trekta lililotia alama zaidi kipindi hicho nchini ni Massey Ferguson 135, lililotoka katikati ya miaka ya 1960 likiwa na injini ya Perkins ya silinda tatu na pampu ya kuzunguka ya CAV. Ford nalo lilikuwepo kwa wingi, na miaka ya 1980 Valmet za Finland ziliunganishwa Kibaha. Mengi ya matrekta haya hupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kwa nozeli zenye matundu kadhaa membamba zinazofunguka kwa presha ya takriban baa 170 hadi 250. Magari madogo ya dizeli ya zamani, kwa upande mwingine, yalikuwa na chumba kidogo cha awali pembeni ya silinda na nozeli za pini zenye tundu moja, zinazofunguka kati ya baa 100 na 150. Fundi wa Turiani alilazimika kuzijua familia zote mbili, kwa sababu mteja wa asubuhi angeweza kuwa trekta na wa mchana Land Rover.

Land Rover ya dizeli inastahili kutajwa peke yake. Ilitoka mwaka 1957, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikapata injini ya lita mbili na robo iliyodumu kwa miongo. Nozeli zake za CAV zilikuwa na tundu la ziada pembeni ya lile la katikati. Wakati wa kupiga stata, injini ikizunguka polepole, mafuta mengi yalipitia tundu hilo la pembeni kuelekea sehemu yenye joto ya chumba. Injini ikishashika mwendo, tundu la katikati lilichukua kazi. Upana wa tundu hilo dogo ni kama sehemu mbili za kumi za milimita. Likiziba kwa masizi, gari huenda vizuri mchana kutwa lakini asubuhi halitaki kuwaka, na wenye magari wengi wamenunua betri mpya kwa ugonjwa uliokuwa kwenye tundu ambalo waya mwembamba ungelifungua.

Namna ya kutoa nozeli kwenye injini hizi haijabadilika sana tangu miaka hiyo. Kwanza hutafutwa mgonjwa. Injini ikiwa imewaka taratibu, nati ya bomba la presha hulegezwa kidogo, silinda moja baada ya nyingine. Ikilegezwa nati ya silinda nzima, mlio wa injini hubadilika na nguvu hushuka. Ikilegezwa ya silinda mbovu, hakuna kinachobadilika. Kipimo hiki hakihitaji mashine yoyote ila sikio, na bado ni cha kuaminika. Kinahitaji kitambaa juu ya nati na mkono ulio mbali, kwa sababu mafuta yanayotoka kwa presha ni hatari.

Kisha huja usafi, na hapa ndipo fundi mzuri hutambulikana. Kichwa cha injini huoshwa kabla spana haijagusa kitu. Vumbi la barabara ya udongo likichanganyika na dizeli iliyovuja huwa tope gumu kuzunguka kila nozeli. Likiachwa, nozeli ikitoka lenyewe huingia. Mrija wa marejeo, ule unaorudisha mafuta yaliyopenya pembeni ya sindano, hutolewa kwanza, kisha mabomba ya presha, na kila mdomo uliobaki wazi huzibwa mara moja kwa kifuniko au nailoni safi. Mabomba hayakunjwi ili kupisha kazi. Bomba lililokunjwa huweza kupasuka kwa ndani, na urefu wake ulipangwa ili kila silinda ipate mafuta kwa wakati wake.

Nozeli zenyewe hushikwa kwa njia mbili. Za matrekta na Land Rover hukandamizwa na nati mbili kwenye kibano cha chuma au kwenye masikio ya mwili. Za Toyota nyingi za zamani zimefungwa kwa nyuzi zake kwenye kichwa na hutaka spana ya boksi ndefu. Iliyokaa miaka kumi huganda kwa masizi. Dawa yake ni mafuta ya kulainisha yaliyoachwa usiku kucha, kisha kuizungusha kidogo kidogo huku na huku. Kuipiga nyundo kwa pembeni huvunja mwili au kuharibu kiti kilicho kwenye kichwa cha injini, na kichwa kina thamani ya nozeli nyingi. Ikishatoka, jicho huangalia chini ya shimo: washa ya shaba iliyobaki humo lazima itolewe. Washa mpya ikiwekwa juu ya ya zamani, nozeli hukaa juu kuliko inavyotakiwa, hupuliza mahali pasipo pake, na moto wa silinda huanza kupenya pembeni.

Mezani, kila nozeli hufunguliwa peke yake na sehemu zake huwekwa kwenye chombo chake. Mwili hushikwa kwenye jiliwa yenye mataya laini. Masizi ya nje husuguliwa kwa brashi ya nyaya za shaba nyeupe, kamwe si msasa wala brashi ya chuma. Matundu huzibuliwa kwa waya wa kipimo chake. Sindano huoshwa kwa dizeli safi iliyochujwa, kisha hujaribiwa: ikiinuliwa theluthi moja kutoka kwenye ncha iliyosimamishwa wima na kuachiwa, inatakiwa kushuka yenyewe taratibu hadi kwenye kiti. Ikikwama ina uchafu au kutu. Ikidondoka kama jiwe imekwisha. Sindano yenye rangi ya buluu imeungua, na ya namna hiyo haina dawa.

Baada ya kuunganishwa, nozeli hufungwa kwenye mashine ya kupimia, ambayo ni pampu ya mkono yenye geji. Mpini unaposhushwa, geji huonyesha presha ambayo sindano inafungukia, na fundi huirekebisha kwa skrubu ya springi au kwa vibati vyembamba. Ukungu unatakiwa kuwa sawa na mwembamba, usio na mstari mzito upande mmoja. Presha ikishikiliwa chini kidogo ya ile ya kufungukia, ncha inatakiwa kubaki kavu kwa sekunde kumi. Nozeli ya pini iliyo nzima hutoa mlio mkali wa kukatakata, na mafundi husema inalia. Mkono hauwekwi mbele ya ukungu huo kwa sababu yoyote ile: hupenya ngozi, huingiza mafuta mwilini, na jeraha linaloonekana dogo kama la mwiba huhitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Mashine ya kupimia ndiyo iliyogawa mafundi katika historia ya kazi hii. Karakana ya shamba kubwa huwa nayo. Gereji ya mtaani mara nyingi haina. Fundi asiye nayo anaweza kufungua, kuosha na kufunga kwa ustadi mkubwa, lakini presha ataikisia. Kwa mwenye gari Turiani hilo lilimaanisha safari ya Morogoro mjini, zaidi ya kilomita 100, nozeli zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, kwa barabara ambayo kipande chake cha Magole hadi Turiani kilikuwa cha udongo hadi kilipowekwa lami katika miaka ya 2010. Wengi walikisia, na injini nyingi zilitoboka pistoni kwa nozeli iliyodondosha mafuta.

Kati ya vita na Uganda vya 1978 na 1979 na katikati ya miaka ya 1980, fedha za kigeni ziliadimika na spea zikawa haba nchini kote. Kipindi hicho kilifundisha ufundi ambao vitabu vya kiwanda haviupendi. Washa ya shaba ilichomwa hadi ikawa nyekundu na kuzimwa kwenye maji ili ilainike na kutumika tena. Hilo ni sahihi, na bado hufanywa. Kiti cha sindano kilichochoka kilisagwa upya kwa dawa ya kusagia vali. Hilo si sahihi, kwa sababu chembe za dawa ni kubwa mno kwa nafasi ile, na nozeli iliyofanyiwa hivyo hupona kwa wiki chache tu. Fundi wa wakati ule hastahili lawama. Hakuwa na ncha mpya ya kununua, na trekta lilikuwa linasubiriwa.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na pikapu za Japani zikaanza kufika. Toyota Hilux zenye injini za familia ya L zikawa magari ya abiria, ya mpunga na ya wagonjwa. Pamoja nazo yalikuja magereji bubu, yaani yasiyo na leseni wala jengo, mengi chini ya mwembe. Sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ililenga pia kundi hili, na Morogoro ilipata nafasi nzuri: Kihonda kuna chuo cha ufundi cha mkoa, na mjini kuna chuo cha kufundishia walimu wa ufundi.

Petroli nayo ilipata nozeli. Afrika Mashariki iliona nguvu yake mapema: Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404 iliyopulizwa petroli kwa pampu ya Kugelfischer. Lakini hayo yalikuwa magari machache. Yaliyojaa barabarani kuanzia miaka ya 1990 ni Corolla na ndugu zake zenye nozeli za umeme, kwa mfumo ambao chimbuko lake ni ule wa Bosch wa mwaka 1967. Nozeli hizi hufanya kazi kwa presha ya baa mbili na nusu hadi tatu tu, na hufunguliwa na koili kwa amri ya kompyuta. Kuzitoa ni kwepesi, ila presha ya reli ya mafuta lazima iondolewe kwanza na betri ivuliwe, kwani petroli inayoruka juu ya injini ya moto huwaka. Mipira ya duara ya juu na chini hubadilishwa kila zinapotolewa. Hazifunguliwi ndani, huoshwa kwa dawa au kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na koili hupimwa kwa mita, nyingi zikisoma omu 12 hadi 16.

Adui mkubwa wa nozeli za dizeli katika karne hii hakutoka gerejini. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kuliko dizeli, na wauzaji wasio waaminifu waliyachanganya. Watanzania wakakipa kitendo hicho jina la uchakachuaji. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu na sindano hazina kilainishi kingine zaidi ya mafuta yanayopita ndani yake. Chuma kilisaga chuma. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi faida ya kuchanganya ikapotea. Hatua hizo mbili ziliokoa injini nyingi kuliko fundi yeyote angeweza. Maji yalibaki. Katika nchi yenye mvua kama ya chini ya Nguru, pipa la dizeli lililo nusu hukusanya unyevu usiku, na sindano yenye kutu huanzia kwenye pipa hilo.

Kampeni ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 ilieneza matrekta madogo ya mkono, yale yanayoitwa pawatila, katika maeneo ya mpunga, na bonde la Wami ni mojawapo. Injini zake zina silinda moja na nozeli moja, kama Lister ya kibanda cha kusagia. Magari mapya yamekwenda njia nyingine. Toyota ilianza kutumia komoni reli, yaani reli moja ya mafuta kwa nozeli zote, kwenye dizeli zake kubwa karibu na 2000, kwa presha inayozidi baa 1,300, na nozeli zake hutaka benchi ya kompyuta ambayo gereji ya kawaida haina. Ya Massey Ferguson 135 au ya Hilux ya 1985 bado inaweza kutolewa, kuoshwa, kupimwa na kurudishwa kazini na fundi mwenye spana, jiliwa, dizeli iliyochujwa na pampu ya mkono yenye geji.